Alama Tano za Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi tu wazima. Mama anakula na kulala vizuri, ila goti bado linamsumbua.

Mimi ndiye mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni wivu. Unaujua utafiti wetu wa wazee wanaoishi na watoto wao. Takwimu ni zangu: mamia ya wazee wamejaza dodoso, kila mmoja akipima kwa alama, moja hadi tano, ameridhika kiasi gani na maisha yake, tano ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Kisha ofisi ikamleta mwanamke wa mahojiano, tunamwita Bi Masikio, akazungumze na baadhi yao na kuwarekodi. Basi majedwali yangu mkuu wetu huyapitisha macho tu, lakini Bi Masikio akisoma maneno mawili ya bibi fulani, mkutano mzima unafuta machozi. Nipike mimi, apakue yeye!

Wiki hii tumeanza kuunganisha dodoso na mahojiano, namba kwa namba, maana majina hatuandiki. Mzee mmoja aliweka tano, Bi Masikio akaandika kwamba ni mpweke. Nilifurahi, Dada, nisikufiche. Nikamwambia mkuu mbele ya wote kwamba mwenzetu anatunga hadithi. Bi Masikio hakubisha. Alisema tu nisikilize mwenyewe. Nikavaa hedifoni kwa mbwembwe, nikitafuta kosa.

Ilikuwa sauti ya Mama.

Kumbe mtaa wetu ulichaguliwa, naye hakuniambia kitu. Alikuwa anacheka, Dada, kicheko ambacho sijakisikia humu ndani tangu Baba afariki. Akasema mwanawe ni mtoto mzuri, ila akirudi kazini humuuliza kama amekula, kama amemeza dawa, yeye Mama hujibu ndiyo, ndiyo, kisha mwanawe anaingia chumbani kwake na mlango unafungwa. Bi Masikio akamuuliza kwa nini basi aliweka tano. Mama akajibu kwamba karatasi zile anazihesabu mwanawe, na hakutaka aumie.

Nimemwomba Bi Masikio radhi mbele ya watu wale wale, bila kusema sauti ni ya nani. Lakini wivu haujaisha, umehama tu. Jioni hii nimekaa na Mama sebuleni, nikitafuta neno lisilojibiwa kwa ndiyo. Nisaidie, Dada: akikupigia simu wewe, huwa mnaongea nini?

Msalimie shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Mimi mdogo wako