Tulitoa "Usikae" Siku ya Majivu

Nje ya ukumbi wa Lemelle, Lawtell, Louisiana
Jumatatu ya Pasaka, alasiri

Dada yangu Clotilde,

Watu wanazidi kuingia na mimi bado nimejificha ndani ya pikapu ya Mjomba, karatasi juu ya goti. Lakini kwanza nikusalimie. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Ule mgongo wako umetulia? Mama kila akisikia mtu ametaja Oakland kwenu anauliza kama amekuona, hata kama mtu mwenyewe hajawahi kutoka Opelousas hapa jirani. Sisi tupo. Kwaresima tumeimaliza, na Ijumaa Kuu tulikula kamba wa bwawani mpaka midomo ikawaka pilipili. Mimi mzima, ila naandika haraka, utaona kwenye mwandiko. Ambao hata siku nyingine si wa kusifiwa.

Najua umeshasikia kwamba albamu yetu imetoka. Umeambiwa nini sijui, maana mdomo wa binamu Verlie unaujua. Mimi nataka uyasikie kwangu, kwa sababu kesho Mjomba Wilbert atakupigia simu, na atakuwa anafoka.

Tuliirekodi humu humu ukumbini. Mjomba alisema hii ni zaideko, muziki wetu wa kuchezwa, hataki kufungiwa kwenye chumba chenye magodoro ukutani, anataka watu. Basi watu wakaja na buti zao. Yeye kodiani, mimi bati langu la mikunjo nimelivaa kifuani, nalikwangua kwa vifungua chupa, na wimbo hatukuukata mpaka wachezaji wenyewe waombe maji. Maneno machache. Upo wimbo una neno moja tu, Usikae, na ndilo tukaita albamu nzima. Ukisikiliza vizuri, miguu imo. Mimi naijua mmoja mmoja. Kisigino kinachochelewa ni cha Baba.

Sasa kampuni ya mjini ikaitoa siku gani? Jumatano ya Majivu! Kwao huko ni Jumatano tu. Mjomba naye hakuuliza, alidhani kila mtu duniani anajua. Tunatoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, redio inatangaza albamu mpya ya kucheza, na ukumbi ndio umefungwa mpaka Pasaka, hachezi mtu. Anti Eunola alikaa palepale kwenye ngazi za kanisa akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akamwambia mumewe, we Wilbert, si ungekaanga tu ngozi ya nguruwe ukauze hapa mlangoni kwa padri? Mimi nikienda dukani kununua mkate wananiuliza kama nimeshaungama. Kuna mzee alinunua kaseti, akasema anaifungia kabatini pamoja na wiski yake, Pasaka atavifungua vyote viwili.

Na kwa kuwa hakuna aliyecheza, walioongea ni waliokaa. Gazeti la mjini likaandika kwamba kusikiliza albamu yetu ni kama kupanda treni isiyofika. Mtangazaji mmoja akapiga nusu ya wimbo, akawaomba radhi wasikilizaji, akasema hilo bati ni kama panya ndani ya debe. Panya ni mimi, Dada. Baba naye mezani akaanza, eti zamani wimbo ulikuwa na mwanamke aliyeondoka, na mvua, na Kifaransa, huu una nini? Mama akamjibu, huu una wewe, mzee, umechelewa kama kawaida yako. Baba akaomba aongezewe wali.

Haya yote tuliyacheka. Lakini kabla ya Jumapili ya Matawi akaja Bwana Haskell, yule wa kampuni. Akakaa jikoni kwa Mjomba na kofia yake gotini, mtu mpole tu, hana ubaya. Akasema wataiondoa madukani waitoe upya. Kila wimbo wataukata nusu. Kelele za sakafuni watazifuta, bati watalishusha lisisikike, na Mjomba aongeze maneno ya mapenzi. Anti Eunola akasema wakifuta miguu yake basi wamrudishie na hela ya gauni, maana alilinunua kwa ajili ya siku ile. Mjomba hakukubali wala hakukataa. Alisema atafikiri.

Hapo ndipo nilipoogopa. Wewe unamjua Mjomba, akisema atafikiri ujue ameshainama. Kodiani hakuigusa tena. Alisingizia Kwaresima, lakini Kwaresima nyingine angalau huwa anaifuta vumbi. Nilimwona anaipita kama mtu anayempita mdai wake barabarani. Nami siku ile ya Bwana Haskell nilikuwa nimesimama pembeni ya friji, kimya, kama kawaida yangu. Hata pipi dukani ulikuwa unaniombea wewe. Shuleni, mpaka naacha, mwalimu alidhani sisikii vizuri.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu. Alhamisi Kuu nilikuwa peke yangu kwa Mjomba na simu ikalia. Bwana Haskell. Akauliza, ni Wilbert? Kwenye simu sauti zetu ni moja, hata Mama hutuchanganya. Nikasema ndiyo. Akauliza umeamua nini. Dada, sijui mdomo aliufungua nani. Nikamwambia hapana. Nikamwambia haikatwi hata kidogo, miguu haitoki, bati halishuki. Nikamwambia umewapelekea muziki wa kucheza watu waliofunga kucheza, halafu unashangaa wamekaa! Njoo Lawtell Jumatatu ya Pasaka. Usisimame ukutani, simama katikati ya sakafu. Nyimbo mbili zikipita na mguu wako bado umetulia, chukua mkasi ukate unavyotaka. Akasema, sawa Wilbert, nitakuja. Nikaweka simu nikakaa chini.

Mjomba hajui kitu. Anadhani yule mtu amechoka mwenyewe, na leo tangu asubuhi anapiga mluzi, amevaa shati lake jekundu, kodiani ameing'arisha. Mimi sijutii. Hata akinitoa kwenye bendi, nitarudi bwawani kutega kamba, lakini nitarudi nikiwa nimesema. Jina nililitumia la Mjomba, ila ile hapana ilikuwa yangu, na leo nikiulizwa nitairudia kwa jina langu.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, waambie mjomba wao hapa ndiye panya wa kwenye debe. Na mkipata kaseti ondoeni meza sebuleni kwanza.

Dada, nakomea hapa. Limeingia gari la bluu, ameshuka Bwana Haskell na viatu vyake vya mjini, anawauliza watoto Wilbert yuko wapi, na watoto wanamwonyesha mlangoni. Lazima niende sasa hivi, nimfikie Mjomba kabla hajapewa mkono kwa maneno ambayo hakuyasema. Bati nimeshalivaa.

Mdogo wako,
Raywood