Waya Kati ya Nguzo na Jengo

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Natumaini u mzima na watoto wako, na kifua cha mama kimetulia. Mimi naamka, napiga kazi, nalala. Mgongo tu ndio unalalamika. Mumeo anakusalimu sana. Amelala kitandani mbele yangu, yeye anasema, mimi naandika.

Kaa chini kwanza, dada. Umeme ulimpiga. Mikono yote miwili imekatwa, mmoja kwenye kiwiko, wa pili juu zaidi.

Swichi ya kampuni ya umeme iko nguzoni, ndani ya sanduku lao. Kutoka hapo waya unapita chini ya ardhi mpaka kwenye jengo tunalojenga. Waya huo ukihesabiwa wa kampuni, sisi hatuugusi. Ukihesabiwa wa jengo, ni kazi yetu. Mumeo, ndiye msimamizi wetu, alisema ni wa kampuni, waitwe wenyewe. Bosi akasema ni wa jengo, na mwenye woga akauze nyanya. Basi mumeo akazima swichi, akaomba angalau tuifunge kwa kufuli letu. Bosi akamuuliza, sanduku ni la watu, kufuli atalitia wapi, mdomoni? Tulicheka wote, hata mimi.

Fundi wa kampuni akapita, akakuta swichi yao imezimwa, hakuna kufuli wala kibao cha onyo, akaiwasha. Mumeo alikuwa ameushika waya.

Wakaguzi walipokuja, bosi aligeuka kinyonga. Waya sasa ukawa wa kampuni tangu mwanzo, na mumeo aliugusa kwa ujuaji wake, kwa hiyo fidia hana. Wakataka shahidi.

Shahidi ni mimi, dada. Nilisema bosi alimkataza kuugusa. Wakaniuliza tena, nikarudia. Usimamizi nimepewa mimi. Kofia yake nyeupe ninayo, inanibana kidogo.

Yeye hajui. Namlisha kwa kijiko, na kila tonge ananiambia asante shemeji. Umwambie, usimwambie, shauri yako, kazi siachi. Atakuja na basi wiki ijayo. Mnunulie suruali za mpira kiunoni, vifungo hataviweza.

Sasa ananihimiza niandike kwamba ugenini alikosa kila kitu ila ndugu, na kwamba kwa wakaguzi nilimsimamia. Nimeandika. Anataka nimtilie sahihi pia.

Wabusu watoto.

Mumeo, kwa mkono wangu;
na mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni.