Shangazi, Mlangoni Hakuna Mchanga

Shangazi Paskazia,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Ungenikemea.

Tangu kile kifua kikuchukue, kazi ya kujenga zahanati uliyoiacha hapa Murusagamba wamenipa mimi niisimamie. Mimi, Shangazi! Siku ya kwanza mafundi walinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikafanya ulivyonifundisha: nikajitwika ndoo ya maji, nikaingia na kutoka kabla mtu hajashika mwiko. "Mwenye mzigo kichwani haoni miguu yake," ulikuwa ukisema. "Wewe iangalie njia yake." Nakumbuka ulivyookota misumari njiani huku ukiimba za kwaya, sauti kama bawaba zenye kutu. Nacheka hata sasa. Halafu nalia kidogo.

Sikia sasa. Lori la mchanga lilikuja mvua ikinyemelea, dereva akataka kumwaga pale pale mlangoni. Nikasimama mbele yake.

"Mwaga kule kwenye migomba."

"Mama, kule nitakwama!"

"Ukikwama tutakusukuma. Hapa ni njia ya watu."

Alikwama kweli. Tukamsukuma, tope mpaka kwenye nyusi. Mafundi wakaninunia mchana kutwa kwa kubebeshwa mchanga kutoka mbali.

Kesho yake mvua ya upepo ilitukuta ndani tukifunga lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta. Ardhi ilikuwa imelowa, mirunda iliyoshika jukwaa la mafundi ikaanza kulia. Nikapiga kelele, "Shukeni! Tokeni!" Shangazi, walitoka kama maji. Hakuna aliyeruka tofali wala kujikwaa kwenye ubao. Wa mwisho alikuwa Anastazia, anayetuletea maji, tumbo lake kubwa karibu kujifungua, nimemshika mkono. Tulipovuka mlango tu, jukwaa lote likalala chini.

Nikakaa kwenye matope. Halafu nikageuka kukutafuta, nikuambie. Nilikuwa nimesahau kwamba hupo. Hilo ndilo lililoniliza, si jukwaa.

Mirunda tumeichimbia upya, mashimo marefu zaidi, na baada ya kila mvua hakuna anayepanda kabla sijaitikisa. Asubuhi baada ya jukwaa kuanguka nilimkuta Gervasi, fundi aliyeninunia kuliko wote, amewahi kabla yangu, anafagia njia. Nikajitwika ndoo yangu, nikapita.

Anastazia amejifungua salama, mtoto wa kike mwenye kelele. Mumeo hajambo, ila analalamika kwamba maharage ya kila mtu hayana ladha. Nampelekea hivyo hivyo, anakula na kulalamika.

Lala sasa, Shangazi wangu. Siwezi kukuahidi kuta zilizonyooka kama zako. Zangu bado zina ukaidi. Ila hili nakuahidi: kila atakayeingia kazini kwangu asubuhi, jioni watoto wake watamwona akirudi.

Binti wa kaka yako,
Editha