Likizo Aliyoifaidi Kija

Izia, Sumbawanga
Jumamosi, mwezi wa Juni

Dada yangu Gaudiosa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za Mbeya na masomo yako ya uuguzi, naomba nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye maungamo. Nina wivu. Si ule wivu wa kuchekewa, wa nani kapewa mnofu mkubwa. Huu unaamka asubuhi kabla yangu. Nimeliandika mwanzoni kwa sababu najijua: nikianza na salamu, nitaimaliza karatasi yote kwa salamu.

Haya, sasa salamu. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hapa ni wazima. Mama anashinda sokoni na maharage yake, Christopha amejifunza kuruka kwa mguu mmoja na haonyeshi dalili ya kuchoka, na Bibi Valeria alikuwa hapa kwa matibabu ya macho, ambayo yamekwenda vizuri. Upepo wa mwezi huu unaujua mwenyewe, vumbi tunalinywa pamoja na uji. Ningekupigia simu, lakini simu ya Mama inasikika mpaka kwa jirani, na haya si ya jirani.

Alikuja pia Kija, binti wa mama mkubwa Redempta wa Mwanza. Wewe ulimwona akiwa bado anabebwa mgongoni. Ni wa umri wangu, ila sasa ni mrefu kunizidi, na akicheka unajikuta na wewe unacheka kabla hujajua sababu. Mama alipotuambia kwamba anakuja kwetu kwa likizo, sikulala vizuri. Niliwaza, mtoto wa Mwanza nitamwonyesha nini hapa? Nikapanga kumpeleka maktaba, kisha kanisani, kisha nikaishiwa.

Dada, hakuhitaji kuonyeshwa. Asubuhi ya kwanza alitoka nje akiwa amejifunga blanketi, akaona pumzi yake inatoka kama moshi, akarudi ndani mbio kuniita nikaangalie. Mimi nimeishi na pumzi hiyo miaka yangu yote. Akagundua ukuta wa nyuma ya jikoni, mahali jua linapopiga asubuhi, akaweka kigoda chake pale, na kila jua lilipohama naye alihama, akaizunguka nyumba nzima mpaka jioni kama mbuzi aliyefungwa kamba. Jirani alipoanika mahindi kwenye turubai, Kija aliomba ruhusa, akavua viatu na kutembea juu yake akiwa amefumba macho. Alisema punje zilizopigwa na jua zina joto kama mkate. Nilivua viatu na mimi, mtu asiniulize kwa nini nimesimama pembeni. Ni kweli, Dada. Zina joto kama mkate.

Sokoni alibishana na mama mmoja anayeuza migebuka ya Ziwa Tanganyika, akimwambia kwamba samaki ni sato wa Mwanza, wengine ni wasindikizaji. Yule mama akamjibu kwamba huyo sato wao ananenepa tu kama mwenyekiti, ladha hana. Kundi zima likacheka, na Kija akaondoka na mgebuka mmoja wa nyongeza. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu.

Halafu likaja suala la salamu. Bibi alimfundisha kumsalimia mkubwa kama wanavyofanya kwetu, kupiga magoti na kugonganisha viganja taratibu. Kija akaipenda mno, akatoka nayo barabarani. Mtu wa kwanza aliyemkuta ni Yusto, yule kijana wa bodaboda wa pale kona, ambaye amemaliza kidato cha nne juzi tu. Kija akapiga magoti kwenye vumbi, akampigia makofi. Yusto nusura aanguke na pikipiki. Akamwambia, mshikaji, mimi hata sijaoa, unanipa uzee wa nini? Tangu siku hiyo bodaboda wote wa pale kona wakimwona wanampigia makofi wao. Na mimi, ninayepita kona hiyo tangu kidato cha kwanza nikiwa nimeinamisha kichwa, mmoja wao aliniuliza wiki hii kama mimi ndiye dada yake Kija. Katika mji wangu mwenyewe.

Nimesoma hadithi nyingi za watu wanaofurahia vitu vidogo, nikadhani mimi ni mmoja wao. Kumbe mimi nafurahia kusoma habari zao.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini Bibi, Dada, Bibi alikuwa wangu. Unajua kila Juni nakwenda naye kijijini kwake Kaengesa kuvuna ulezi. Tunakata suke kwa suke kwa visu vidogo, hakuna haraka, na mtu mwenye aibu kama mimi anaweza kuongea kutwa nzima kwa sababu macho ya kila mmoja yako kwenye ulezi. Na anayevuna naye ndiye anayekula naye ugali wa kwanza wa ulezi mpya, wawili tu, sahani moja. Mwaka huu Mama alisema mapema kwamba mmoja kati yangu na Kija ataenda na mwingine atabaki na Christopha, maana yeye yuko sokoni. Sikuuliza ni nani. Nilifunga begi langu Jumapili.

Kija hajui Kifipa, na Bibi Kiswahili chake ni cha sokoni na cha kanisani. Mbele ya yule mtoto anayeongea kama mvua alikuwa hayadaki maneno, na anaona haya kukitumia. Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nawafasiria. Kila alasiri Kija alimkalisha Bibi pale ukutani, akampaka mafuta ya mgando kwenye miguu, yale magaga yake makubwa, akiyasugua polepole na kumsimulia habari za Mwanza. Mimi nilikaa katikati, nikiyapitisha maneno ya huyu kwenda kwa yule. Niliona fahari. Bila mimi wasingeelewana.

Lakini Jumatano Bibi alikataa kupakwa mafuta. Alisema miguu imepona. Alhamisi alikaa ndani akisema upepo ni mkali, na Kija alipomletea chai aliipokea bila kumtazama. Alimwambia Mama, kwa Kifipa, kwamba watoto waliokulia ziwani hawaiwezi baridi ya huku, afadhali wasibembelezwe. Mama hakuelewa anamlenga nani, akacheka tu. Kija akaacha kuzunguka nyumba na kigoda. Jana jioni tulipokuwa tunachambua mchele aliniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama Bibi amemchoka. Nikamwambia sijui.

Nilijua, Dada. Jumanne, Kija akiwa ameinamia miguu yake, Bibi aliniambia: mwambie huyu mtoto nataka yeye ndiye aje na mimi Kaengesa. Mikono yake ina joto, na anacheka kama mama yake. Tangu Redempta aolewe mbali, nyumba yangu haijasikia kicheko hicho. Wewe njia unaijua, utakuja mwaka mwingine.

Kija aliinua uso, akaniuliza Bibi anasemaje. Nikamwambia, anasema asante, miguu imepata joto. Kija akafurahi, akasema mwambie karibu sana, nitampaka kila siku. Nikamgeukia Bibi, nikamwambia kwa Kifipa, anasema ataona, baridi ya kijijini anaiogopa.

Hayo ndiyo niliyofanya. Maneno yalitoka laini kabisa, kama mtu anayejibu swali darasani. Bibi aliitikia kwa kichwa, akavuta khanga yake miguuni. Nilijiambia kwamba sijamnyang'anya Kija chochote, kwa sababu huwezi kunyang'anywa kitu ambacho hukujua umepewa. Nilitembea na hoja hiyo mpaka jana, na jana ilikufa pale kwenye ungo wa mchele, nilipoona Kija anachambua punje safi na kuzitupa pamoja na mawe, kwa sababu alikuwa hazioni.

Hata hivyo jana sikusema. Nimesema leo asubuhi, na sikuanza mimi. Bibi alikuwa anafunga furushi lake, begi langu liko mlangoni. Kija alisimama mbele yake, akaniambia, Avelina, mwambie Bibi kama kuna mahali nimemkosea anisamehe, sitaki aondoke hivi. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na uongo mwingine tayari, naapa ulikuwa tayari. Lakini Bibi alikuwa ananitazama kwa yale macho yake mapya yaliyosafishwa, nikamfasiria maneno ya Kija jinsi yalivyo, bila kupunguza. Halafu nikamgeukia Kija nikampa ya Jumanne yote, mikono yenye joto, kicheko cha mama yake, mpaka lile la mimi kuijua njia. Nikarudi kwa Bibi, nikamwambia kwamba Kija hakuwahi kusema anaogopa baridi, kwamba aliyesema ni mimi.

Mama alikuwa mlangoni na kikapu. Alianza kuniita jina langu lote la ubatizo, Bibi akamnyamazisha kwa mkono. Nilisubiri Bibi mwenyewe anigombeze. Hakunigombeza. Alinipita, akamshika Kija kiwiko, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mjukuu. Tuende. Ulezi tayari."

Kija akajibu, "Twende, Bibi," akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Walielewana vizuri tu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na hakuna aliyenihitaji.

Nilitoa nguo zangu kwenye begi, nikaweka za Kija. Nikamwongezea soksi nzito, kwa sababu Kaengesa asubuhi ni baridi kweli. Aliniambia kwamba amekasirika na ataniambia vizuri akirudi. Nikasema sawa. Nikawasindikiza mpaka kwenye gari la Kaengesa, Bibi akakaa dirishani, Kija pembeni yake. Gari likaondoka. Sikujisikia mwepesi, kama wanavyosema watu waliosema ukweli. Nilijisikia mtu aliyeachwa stendi. Nilirudi nyumbani, nikamwogesha Christopha, nikampikia uji, akalala, nikachukua karatasi. Kwa sasa wanakaribia kufika shambani.

Mama anakusalimu. Bado hajaongea na mimi, lakini amesema nikuandikie kwamba maharage ya kukutumia yako tayari. Barua hii nitampa kondakta wa basi la Mbeya kesho baada ya misa. Ukinijibu usinifariji, niambie tu unavyoona. Mungu akusimamie kwenye mitihani yako.

Mdogo wako,
Avelina