Gari la Kumfikia Lorine

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimeamua. Nanunua gari.

Jana nilikuwa katikati ya kipindi, Kidato cha Tatu, asidi na besi, simu ikatetemeka mezani. Mama. Mama hanipigii saa za kazi bila sababu. Lorine ameshikwa na maumivu – miguu, mgongo. Nikatoka shuleni Homa Bay mbio na chaki mkononi. Rodi nikangoja gari lijae. Rongo nikangoja tena. Kondakta ananiambia, madam tulia, bado watu wawili tu tunatoka. Watu wawili! Kufika Migori, Mama ameshampeleka hospitali kwa boda boda, amemfunga mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga. Msichana wa darasa la nne.

Dripu mkononi. Hakulia. Aliniangalia tu, akauliza kama shule yangu iko mbali sana.

Huu ugonjwa wa selimundu haungoji mtu. Damu ikikwama kwenye mishipa, imekwama. Na tangu nihamishwe, kila mara ninafika wakati mambo yameshapita. Nimeomba kurudishwa Migori, nimeambiwa nisubiri. Kumhamisha yeye siwezi – daktari wake, shule yake, nyanya yake, wote wako huku.

Basi gari dogo. Jipya siliwezi, lililotumika litatosha. Liwake kila asubuhi. Likimbie. Kiti cha nyuma mtoto aweze kulala. Sitaki kingine.

Jumamosi, 6 Septemba

Lorine ametoka hospitali. Anatembea polepole akishika ukuta.

Binamu yangu Wangwe amekuja kutoka Kehancha kunisaidia kuchagua. Yeye ni dereva wa lori la tumbaku, magari ameyazoea. Tumeenda yadi moja ya magari hapa mjini. Muuzaji anaitwa Omondi, mdomo wake ni asali. Sista, hii si gari, hii ni ndege! Unatoka hapa, unaingia Rongo chai ikiwa bado moto!

Rangi ya fedha. Ndani inanukia manukato. Nikaliendesha hadi karibu na Awendo, nikakanyaga – likaruka kweli. Nikacheka peke yangu, halafu nikaona aibu. Mtoto ameshika ukuta nyumbani, mimi nacheka kwenye gari la watu.

Tuliporudi Wangwe akainua zulia la buti. Vyuma vimechomelewa, rangi mpya juu yake. Liligongwa nyuma, vibaya. Omondi akasema gari gani Kenya halijaguswa? Wangwe hakubishana naye. Alinisemesha kwa Kikuria, twende. Huko nje ndipo akaniambia: si umesema Lorine atakuwa analala nyuma?



Jumatano, 10 Septemba

Baba Lorine amepiga kutoka Doha. Anataka ninunue yenye turbo. Rafiki yake anayo, inapita mabasi yote. Nikamuuliza, spea zake Migori nitapata wapi ikiharibika? Akasema nisinunue gari la wazee. Nikamwambia mimi sishindani na basi. Halafu akauliza Lorine yuko aje. Swali la kwanza lingekuwa hilo.

Hapana. Nisimwonee. Kule anafanya kazi juani, na usiku anaangalia picha za magari ambayo hatayaendesha. Hiyo ndiyo njia yake ya kuwa hapa.

Celestine, mwenzangu wa Biolojia, ana habari. Kuna mjane Sindo, Leonida, mumewe Chrispine alikuwa mwalimu. Aliacha gari, Premio nyeupe. Celestine anasema haijawahi kumlaza mtu njiani. Mama huyo yuko tayari kuuza, na mahakama imeshampa mamlaka juu ya mali. Lakini kuna shemeji. Celestine akaishia hapo, akaanza kusahihisha vitabu.

Jumamosi, 13 Septemba

Sindo. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya bati. Leonida ana duka dogo la kushona sare za shule. Mwanamke mrefu, mpole, anaongea kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Aliponisikia nikiitwa madam akakataa. Akauliza mtoto wangu anaitwa nani, na kuanzia hapo nikawa min Lorine – mama yake Lorine, kwa Kijaluo.

Gari liko uani, limefunikwa turubai. Kaburi liko hatua chache mbele ya nyumba, saruji bado mpya. Wangwe alivua kofia. Tulifunua turubai bila kelele kama tunaamsha mgonjwa.

Likawaka mara moja! Miezi limekaa, na mara moja! Leonida huliwasha kila Jumapili baada ya kanisa, analiacha lingurume, halafu anazima. Wangwe akalala chini yake, akatoka na mgongo wa vumbi na uso wa furaha. Chini safi. Hakuna mahali pamechomelewa. Tukaenda nalo upande wa Mbita na kurudi. Haliruki kama lile la Omondi. Linaenda tu, linazidi kwenda, halitetemeki. Mlima halikuuona.

Kiti cha nyuma kina mto wa kulalia. Leonida alieleza bila kuulizwa. Saratani. Kila wiki Kisumu, kwa dawa. Chrispine alikuwa analala hapo nyuma, yeye anakaa na miguu yake mapajani.

Nikauliza kwa nini anauza. Alifikiri. Akasema, nikiliwasha Jumapili, kuna sekunde moja nasahau, nadhani tunaenda.

Bei tukakubaliana upesi, hatukuvutana. Nitarudi wiki ijayo tumalize. Tulipokuwa tunaondoka akaja mwanamume kwa pikipiki, akasimama langoni bila kuzima injini. Hakusalimia. Aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akageuza. Leonida akasema huyo ni James, ndugu mkubwa wa marehemu. Hataki liuzwe. Analitaka? nikauliza. Akajibu: hasemi anataka nini.

Ijumaa, 19 Septemba

Macho ya Lorine yana manjano kidogo. Daktari amesema tumwangalie, anywe maji mengi. Mama hataki niende naye Sindo kesho. Lorine ameomba, ameomba tena. Anataka kuchagua upande wa kukaa. Amewaambia watoto wote wa ploti.

Wangwe ana safari ya lori. Tutaenda wawili. Leseni ninayo, na barabara naijua.

Kuna kitu kinanisumbua. Yule James. Natamani angesema neno.

Jumapili, 21 Septemba

Asubuhi. Niko kwenye benchi la wadi, Homa Bay. 

Jana. Tulifika Sindo kabla ya saa sita. Lorine alizunguka gari, akachagua nyuma, upande wa kushoto, akalala juu ya ule mto. Leonida akamletea soda. Tukaketi sebuleni kusubiri mzee wa kijiji aje awe shahidi. Badala yake akaja James, na wanaume wawili. Akaweka pikipiki katikati ya lango, akashuka.

Safari hii aliongea. Hapandishi sauti, na hilo ndilo lilinitisha. Shemeji, gari hii haitoki. Leonida akamwambia mahakama imesema. Akajibu, mahakama haikumzika Chrispine. Akanigeukia: mama, sina ubaya na wewe. Tafuta gari mahali pengine. Magari ni mengi.

Nilikuwa najaribu kujibu. Nikasikia Lorine ananiita kutoka garini, sauti ndogo, imekatika katikati. Nikakimbia. Soda imemwagika. Ameshika kifua. Si miguu, si mgongo – kifua! Anavuta pumzi fupi fupi, kila moja inamuumiza. Midomo imebadilika rangi. Daktari alishanionya: siku kikiwa kifua, usingoje nyumbani hata kidogo.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua Leonida aliingia nyuma bila viatu, akamweka Lorine nusu ameketi, kichwa kifuani kwake. Najua niliwasha gari. Nikaangalia mbele. Pikipiki iko langoni na James amesimama kando yake.

Nilishusha kioo. Nilitaka kumwomba. 

Alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia kiti cha nyuma. Yule mtoto amelazwa pale, na shemeji yake amemshika vile. Uso wake ulibadilika, siwezi kuuandika. Akaisukuma pikipiki mwenyewe hadi ikaanguka kwenye ua. Akasema, pita. Pita!

Nikapita. Mbita. Kona zile zote. Sijawahi kuendesha hivyo na naomba nisirudie. Leonida alikuwa anamsemesha Lorine kwa Kijaluo, lugha ambayo mtoto haielewi vizuri, maneno yale yale, taratibu, na kila mara ananiambia mimi kwa Kiswahili: anapumua, endesha. Anapumua, endesha. Gari halikusita hata mara moja. Nililisikia chini yangu kama mtu mzima mwenye akili.

Hospitali walimpokea mbio. Oksijeni, dawa, sindano. Mapafu. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, akaniambia tumefika wakati mzuri, asingependa kusema zaidi ya hapo.

Leonida amelala hapa kwenye benchi, miguu mitupu. Muuguzi amempa ndara.

Jumapili, mchana

Damu ya Lorine imeshuka sana. Lazima aongezewe. Grupu lake ni la watu wachache, O hasi. Yangu haifanani nayo. Ya Leonida pia. Hapa iliyokuwepo imetumika alfajiri kwa mama aliyejifungua. Kisumu ipo, wamepiga simu, wameiweka kando kwa jina lake. Ambulensi imepeleka mgonjwa mwingine mbali. Daktari akauliza, mna gari?

Tuna gari.

Mtu wa maabara atakwenda na kisanduku chake cha baridi. Anahitajika dereva. Nikasema mimi. Nikasimama, na Lorine akashika kidole changu. Barakoa ya oksijeni imemziba mdomo. Alishika tu. Leonida haendeshi kabisa, anajua kuliwasha na kulizima, basi. Wangwe yuko Isebania na lori.

Hapo ndipo nilimwona James. Sijui alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Shati la jana. Ameleta viatu vya Leonida kwenye mfuko wa plastiki.

Akasema, leta ufunguo. Njia ya Kisumu ninaijua.

Nikamwangalia Leonida. Akainamisha kichwa. Akasema polepole kwamba ni James. Kila wiki, zile safari zote, alikuwa anaendesha James. Aliacha mitumbwi yake ya uvuvi, akaacha kazi, akaendesha. Ile mara ya mwisho Chrispine alikata roho Katito, wakirudi, na James hakusimama. Aliendesha hadi Sindo. Hakuna aliyeongea garini. Tangu siku hiyo hajaingia ndani ya gari hilo.

James alisikia yote. Akasema tu: sikutaka kuona mtu mwingine akiliendesha. Halafu akasema, mama, mtoto anangoja.

Sijatia sahihi kitu chochote. Gari si langu bado. Na yeye jana alisema halitatoka. Akifika Kisumu akaendelea? Akirudi nalo Sindo moja kwa moja? Niliyafikiria hayo, sitajidanganya. Niliyafikiria yote ufunguo ukiwa kiganjani, na Lorine ameshika kidole cha mkono mwingine.

Nikampa.

Jumapili, jioni

Mtu wa maabara alipiga simu wakiwa Kisumu: wamepewa damu, wanageuza. Hiyo ilikuwa zamani. Mvua inanyesha upande wa Kendu Bay, wingu linaonekana kutoka dirishani.

Mama amefika kutoka Migori na Biblia na uji. Hajanilaumu kwa safari ya Sindo. Angenilaumu ingekuwa afadhali. Amekaa upande wa pili wa kitanda, anapaka mafuta miguu ya Lorine.

Lorine amelala. Au amefumba macho tu. Mashine inaonyesha namba, nimekatazwa kuziangalia, naziangalia.

Daktari amekuja mara mbili. Mara ya pili hakuingia, alichungulia tu. Anauliza wamefika wapi. Nampigia mtu wa maabara – hapatikani. Leonida anampigia James. Inaita. Inaita hadi inakata. Nikamwangalia, nadhani macho yangu yalisema kila kitu, kwa sababu alinishika mkono.

Akasema, James akiwa barabarani hashiki simu, min Lorine. Hata mimi, hata nilie huko nyuma, alikuwa hagusi simu wala hageuki.

Amepiga tena. Inaita. Kuna gari limeingia getini, taa zimewashwa, na mvua imeshatufikia, sioni rangi – lakini anayeshuka amebeba kisanduku.