Mzigo wa Punda Mmoja

Sabdio mwanangu, salaam aleikum kutoka hapa Gotu. Mimi na wadogo zako tuko, alhamdulillahi.

Kile kitabu chako cha kuishi na vitu vichache nimekisoma wiki nzima, polepole, kwa kidole, vile tulifundishwa darasa la ngumbaru. Kinasema kila kitu ukiulize kama unakihitaji. Sisi wafugaji tunauliza tu: punda atabeba? Basi kabati nimegawa, vikombe vya wageni nimegawa. Jirani yetu Gumato akanicheka, "Mama Sabdio, unahama ama unaolewa tena?" Nikamjibu, "Niolewe na nani, na punda?"

Jana Gumato mwenyewe alihama. Wezi wa mifugo wako karibu, bunduki tunasikia. Likizo usije, mama, baki huko chuoni.

Baba yako alifuata ngamia wetu walioibwa, hayupo tangu Ijumaa na simu yake haishiki. Kesho alfajiri nitatoka na watoto kwenda Isiolo mjini, hata kama hajarudi.

Viatu vyake vya Idi havina wa kuvivaa sasa, na najua kitabu kingesema niviache. Nimevifunga juu kabisa ya mzigo.

Mimi mama yako, Kabale