Lundo Nyuma ya Banda

Jumatatu, 4 Agosti

Siku tatu nabeba mabua ya mahindi. Mgongo si wangu tena. Lakini lundo limesimama nyuma ya banda la ng'ombe, refu kunipita! Nimelipanga mwenyewe, tabaka kwa tabaka, nikipanda juu kulikanyaga. Peku – ukipanda na viatu unateleza, na majani yanasagika kuwa vumbi. Jioni mume wangu kaja kusaidia. Kapanda na viatu vyake, nikamshusha. Akavua, akacheka, akapanda tena.

Maganda ya maharage nimeyaweka peke yake, kule mpakani na shamba la shemeji. Hayo ni ya mwisho, ng'ombe akikaribia kuzaa. Tunamwita Shangazi kwa jinsi anavyokutazama, kama amekuja kukagua nyumba. Bwana mifugo kasema mimba ina miezi saba.

Yule wa mwaka jana alikufa kwa njaa. Tulichoma mabua yote mwezi wa nane, mwezi wa kumi akalala chini, hakuamka. Nilimshika kichwa mpaka mwisho. Sirudii.

Jumatano, 6 Agosti

Bwana Usafi kapita. Ndiyo, shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu – jina nimempa mimi na linabaki humu humu daftarini. Kwake shamba lisilochomwa ni kama kitanda kisichotandikwa. Tangu baba mkwe afariki, yeye ndiye anayewasha mashamba ya ukoo mzima kila mwaka. Kalizunguka lundo, mikono nyuma. Eti nafuga panya. Eti nyoka. Eti watu watasema ukoo umeingiwa na uvivu. Uvivu! Nimebeba mizigo arobaini na moja kichwani!

Nikamwuliza ng'ombe wake atakula nini kiangazi. Kasema Mungu anajua. Mwaka jana ng'ombe wake alikuwa analamba ukuta wa banda!

Ijumaa, 8 Agosti

Nilikwenda mashineni kusaga unga. Narudi, naona moshi. Maganda ya maharage – yote! Majivu matupu! Bwana Usafi kayachoma pamoja na shamba lake. Namfuata, ananiambia shemeji, nimekupunguzia kazi. Anatabasamu! Jasho linamtoka, kweli anaamini kanisaidia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angekuwa mtu mbaya ningemtukana, nikatulia.

Mume wangu kasikiliza yote. Kasema ndivyo kaka alivyo. Kisha akaenda kuoga.

Jumapili, 10 Agosti

Kikao, sebuleni kwa mama mkwe. Mtuhumiwa mimi. Bwana Usafi katangaza lundo litachomwa Jumanne, maana moto wa ukoo hauchagui. Mama mkwe kaniuliza, "Mwanangu, mabua ndiyo yanakupa jeuri?" Nikamjibu ni ng'ombe, mama. Nikamgeukia mume wangu aseme. Ng'ombe ni wake pia! Na mwaka jana ni yeye aliyelia nyuma ya banda, akidhani simwoni. Leo anachokonoa kucha tu. Mbele ya kaka yake – mwanamume mzima na ndevu zake!

Sijamsemesha tangu hapo. Chakula nimeweka mezani, nimefunika, basi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekatakata mabua, nikanyunyizia maji ya chumvi. Shangazi kamaliza ndoo nzima. Angalau mmoja nyumba hii ananielewa.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika nikiwa juu ya lundo. Peku, daftari gotini. Nimepanda asubuhi na mapema, na chupa yangu ya maji.

Bwana Usafi yuko chini na kiberiti. Kasema shuka shemeji, unatuaibisha. Nikamwambia awashe tu, huo ukoo wake upate la kusema! Katia kiberiti mfukoni. Kakitoa. Kakitia tena. Majirani wamejaa uani, mmoja kaja na kigoda chake. Mama mkwe kashika kiuno, hajaamua amkemee nani.

Saa nne. Mume wangu karudi kutoka kisimani. Katua ndoo. Kaka yake kasema kwa nguvu, kila mtu asikie, "Mshushe mkeo!" Ananitazama mimi, anamtazama Shangazi anayechungulia kutoka bandani. Natamani kumtukana. Natamani kulia. Sishuki! Hata akisema yeye – hasa akisema yeye!

Anakuja huku. Watu wanampisha. Kasimama chini kabisa ya lundo.

Ameinama. Anavua viatu.